SOMO: SHOFERE YA KARTE ISIYO NA KITABU

Tuliulizwa hivi: kutafuta siri ya mashine ambayo kiwanda hakikuieleza, ni wizi ao hapana?

Kwanza tuelewane. Ndani ya kompyuta kuna karte ya picha, ndiyo inachora yote tunayoona kwenye ekra. Haifanyi kazi vizuri bila programu yake. Sisi tutaiita shofere. Shofere anaandika namba mu vyumba vidogo vya karte, na kila namba ni amri. Kiwanda cha Nvidia, kule Marekani, kilificha maana ya namba hizo na kutoa shofere aliyefungwa, mutu hawezi kumsoma. Kwa Linux, mfumo huru ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, hiyo ni shida kubwa. Siku kiwanda kinaacha karte za zamani, shofere wao hafuati tena mfumo mpya. Mashine za kupewa, zenye kufika huku Uvira zimekwisha kuzeeka, ndizo zinaumia kwanza.

Stéphane Marchesin na wenzake wakaanza kazi iitwayo Nouveau (jina munalielewa). Walimuacha shofere wa kiwanda atumike, wakarekodi kila namba anayoiandika. Kisha wanabadilisha kitu kimoja tu, wanalinganisha. Tuseme ekra ina nukta 800 kwa upana, na chumba kimoja kina 799. Ukiweka 1024, chumba kile kinakuwa na 1023. Sasa umejua kazi yake! Vyumba vingine vilikuwa vigumu kuliko hicho, tena karte ni za aina nyingi. Kwa hiyo watu wenye karte mbalimbali walitumia programu ndogo, renouveau, wakatuma matokeo. Mwaka 2010 Nouveau iliingia mu Linux 2.6.33.

Kwetu sisi huo si wizi. Karte ni ya aliyeinunua, na shofere mpya waliandika wao wenyewe, hawakunakili yule aliyefungwa wa kiwanda. Mufundi wa motere ya mutumbwi kule Kalundu naye anasikiliza mashine isiyo na kitabu, hakuna anayemuita mwizi.

Lakini njia hii ni ndefu. AMD ilianza kutoa vitabu vya karte zake mwaka 2007. Nvidia, kwa karte zilizotoka kuanzia mwisho wa 2014, ilidai programu ya ndani yenye sahihi yake. Pasipo hiyo Nouveau haikuweza kuongeza mwendo wa karte. Mwaka 2022 ilifungua sehemu ya shofere wake, kwa karte mpya tu.

Zoezi: ekra ikiwa na nukta 1280, chumba kile kitakuwa na namba gani? Na juu ya nini si 1280?