SOMO LA 4: KUBANA MATUMIZI YA NYUMBA, NA HABARI YA TELEVISHENI



Somo hili limeandikwa kwa ajili ya nyumba za Base Camp, Juru na Rubondo hapa Nakivale, lakini anayeishi Kyaka au Kyangwali naye anaweza kulitumia. Usomwe kwa sauti katika kikundi, maana si wote wanaojua kusoma, na mambo ya fedha ya nyumba ni vizuri baba, mama na watoto wakubwa wayasikie pamoja.

Kila mmoja wetu anajua kwa nini tunazungumza habari hii. Aprili 2020 mgao wa WFP katika Uganda ulipunguzwa ukawa asilimia 70, na Februari 2021 ukashuka hadi asilimia 60. Mwaka 2023 nyumba ziligawanywa katika makundi kufuatana na hali zao. Mei 2025 WFP ilitangaza kwamba watu wapatao milioni 1 wataondolewa kwenye msaada wa chakula kwa sababu fedha za wafadhili zimepungua. Kipimo kinachotumika duniani kupanga chakula cha mkimbizi ni kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Ukipunguza mgao, kalori zile haziji kutoka mahali pengine ila zitoke katika shamba lako, kazi yako au mfuko wako. Kubana matumizi hakuwezi kuziba pengo lote, na tusidanganyane juu ya hilo. Lakini kunaweza kuokoa kilo kadhaa za unga kila mwezi, na kilo kadhaa za unga ni siku kadhaa za watoto kushiba.

TUANZE NA HESABU

Watu wengi wanasema, "Mimi sina fedha, nibane nini?" Hebu tuchukue nyumba ya watu sita. Bei tulizoweka ni za kujifunzia tu. Wewe weka bei za soko lako.

Mama ananunua kuni au mkaa wa shilingi 1,500 kila siku. Kwa siku 30 ni shilingi 45,000. Simu ya nyumba inachajiwa dukani mara nne kwa juma, shilingi 500 kila mara, kwa majuma manne ni 8,000. Vocha ya simu ni shilingi 500 kwa siku, jumla 15,000. Baba anakwenda kibanda cha video kuangalia mpira Jumamosi na Jumapili, 1,000 kila siku, na watoto wawili wanakwenda kuona filamu mara mbili kwa juma kwa 500 kila mmoja. Hiyo ni 4,000 kwa juma, yaani 16,000 kwa mwezi.

Jumla ni shilingi 84,000, na hapo hatujanunua sabuni, chumvi, wala daftari. Katika vikundi, hesabu ya namna hii ikiandikwa ubaoni, watu huanza kucheka, kisha hunyamaza. Shilingi 500 haiumi inapotoka mfukoni. Inauma pale inapoandikwa mara thelathini.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni daftari. Kwa majuma mawili andika kila kinachotoka, hata pipi ya mtoto. Asiyejua kuandika aweke mawe katika makopo: kopo la kuni, kopo la simu, kopo la video. Usimkaripie mtu yeyote katika majuma hayo mawili, maana ukigomba watu wataanza kuficha.

KUNI

Ona kwamba katika hesabu yetu kuni zimekula zaidi ya nusu. Tena kuni si fedha tu. Mama au binti anayekwenda kuokota mbali anaweza kupigwa au kunajisiwa njiani, na mara nyingine kuna ugomvi na wenyeji juu ya miti. Mzigo mmoja ukipungua kwa juma, ni safari moja ya hatari iliyopungua. Kwa sababu hiyo hapa tutakaa muda mrefu kidogo.

Kuni mbichi iliyokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake yaweza kuwa maji. Moto unafanya kazi kwanza ya kukausha maji hayo, ndipo uivishe chakula. Pasua kuni ziwe nyembamba, uziweke mahali penye jua na upepo lakini mvua isizifikie, na anza kutumia zile za zamani. Funika sufuria. Kinga moto na upepo. Jiko la mafiga matatu hupoteza sehemu kubwa ya joto lake pembeni, hivyo jiko la udongo wa kichuguu uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa lina faida, mradi sufuria iingie ndani na nafasi kati yake na ukuta wa jiko iwe kama upana wa kidole. Chakula kikiiva, zima kuni kwa majivu au mchanga. Usiziache ziungue bure wakati watu wanakula.

Maharagwe ndiyo mwizi mkubwa wa kuni. Yachague, yaoshe, uyaloweke usiku kucha, asubuhi mwaga maji yale. Wako wanaotia magadi ili yaive upesi. Yanaiva upesi kweli, lakini magadi huharibu vitamini B1, na mtu anayeishi kwa ugali na maharagwe hana vitamini ya kupoteza. Kuloweka kunatosha.

Baada ya kuloweka, tumia kikapu cha joto. Chukua kikapu kikubwa au boksi gumu, utandike ndani majani makavu ya migomba, nguo kuukuu au maranda ya mbao, unene wa kiganja kila upande na chini. Acha shimo linaloshika sufuria barabara. Tengeneza pia mto wa kufunikia juu. Maharagwe yachemke kwa nguvu kwa nusu saa, kisha sufuria ikiwa bado inatokota na kifuniko chake, iingize katika kikapu, uifunike, uende shambani au foleni. Rudi baada ya saa tatu au nne. Usifungue kuchungulia: kila ukifungua joto linatoka. Maji yawe pungufu kidogo kuliko kawaida, kwa kuwa mvuke hautoki. Sufuria iwe imejaa angalau theluthi mbili, maana chakula kidogo hupoa haraka. Mchele ni rahisi zaidi: uchemke dakika tano, kisha ukae kikapuni saa moja. Ugali haupikiki humo, usijisumbue.

Hapa kuna onyo, na anayesoma kwa sauti alirudie mara mbili. Maharagwe mekundu yana sumu ndani yake ambayo inakufa kwa kuchemka tu. Yasipotokota kwa nguvu dakika 10 au zaidi, mtu atatapika na kuhara hata kama yanaonekana yameiva. Ndiyo sababu tumesema nusu saa jikoni kwanza. Usiyatoe mapema ili uokoe kuni. Chakula kikitoka kikapuni kiwe cha moto. Kikiwa vuguvugu, kichemshe tena kabla ya kuwapa watoto. Na kabla ya kuingiza sufuria, pangusa chini yake, uone hakuna kaa lililoshika. Nyumba zetu ni za maturubai na nyasi.

Nyumba ya mfano wetu ikipunguza kuni kwa theluthi moja tu, inabaki na shilingi 15,000 kila mwezi.

TELEVISHENI

Tunajua habari hii itawachukiza wengine, hasa akina baba na vijana. Tuseme wazi: televisheni si dhambi. Mtu aliyekimbia vita, akakaa miaka mingi akingoja, ana haki ya kucheka na kuona mpira. Na mwenye kibanda cha video ambaye anaishi kwa kibanda hicho, hiyo ni kazi yake. Sisi tunazungumza na yule anayelipa.

Kuna malipo ya namna mbili. Ya kwanza ni yale ya kibanda, tumeyaona: shilingi 16,000 katika mfano wetu, sawa kabisa na kile kinachookolewa kwenye kuni na zaidi kidogo. Mama anahangaika na kikapu cha joto mwezi mzima, na faida yote inaishia kibandani! Hii ndiyo sababu tulisema baba na mama wasikie somo hili pamoja.

Ya pili ni televisheni ya mkopo, inayokuja na sola, betri na dekoda. Muuzaji anasema, "Lipa kidogo kidogo kila siku." Kabla ya kutia sahihi au kidole gumba, uliza mambo haya: Jumla yote ni shilingi ngapi mpaka mwisho? Ni siku ngapi? Nisipolipa juma moja, itakuwaje? Vyombo vingi vya namna hii vinajifunga vyenyewe malipo yakichelewa, na taa nazo zinazimika pamoja na televisheni, kwa hiyo mtoto anakosa mwanga wa kusomea kwa sababu ya deni la filamu. Na kadi ya dekoda inalipwa kila mwezi hata baada ya mkopo kwisha. Kama haja yako ni mwanga na simu, taa ndogo ya sola yenye tundu la kuchajia inatosha, bei yake ni ndogo sana kuliko chombo cha televisheni, na ile 8,000 ya kuchaji dukani inabaki nyumbani.

Kwa habari za dunia na za kwetu, redio inafanya kazi. Inakula umeme kidogo mno, na mtu anaisikiliza huku anachambua maharagwe. Mkimbizi wa Ngara anakumbuka jinsi Radio Kwizera ilivyoanza mwaka 1995 kwa ajili ya kambi za kule, na Wakongo wanaijua Radio Okapi iliyoanza 2002. Hakuna aliyedaiwa kadi ya mwezi.

Nyumba itakayojaribu kukaa bila kibanda isikatishe siku moja tu kwa amri ya baba huku yeye mwenyewe anaendelea na mpira. Watoto wanaona. Afadhali mkubaliane: mchezo mmoja mkubwa kwa mwezi, nyumba nzima inajua gharama yake. Majuma mawili ya kwanza ni magumu, watoto wananung'unika na jioni ni ndefu. Hapo ndipo bibi na babu wanapopata kazi yao tena, hadithi na vitendawili vya Kibembe, Kifulero, Kirundi au Kisomali, kulingana na nyumba. Mtoto aliyezaliwa hapa asiposikia hadithi hizo jioni, hatazisikia shuleni.

MAMBO MADOGO YA SOKO

Siku ya mgao wa chakula bei ya mahindi inaanguka, kwa kuwa wote wanauza. Siku ya mgao wa fedha bei inapanda, kwa kuwa wote wananunua. Mtu anayeuza kilo 10 kwa shilingi 600 siku ya mgao anapata 6,000. Baada ya majuma matatu ananunua kilo zilezile kwa 1,000, anatoa 10,000. Amepoteza 4,000 akiwa hajala kitu. Kama ni lazima uuze, ngoja siku chache ukiweza, uuze kidogo.

Vipimo vidogo navyo ni ghali. Tuseme lita ya mafuta ni 7,000, na kipimo cha mililita 50 ni 500. Katika lita kuna vipimo 20, yaani 10,000. Nyumba nne zikichanga 1,750 kila moja, zinanunua lita na kugawana kwa kikombe kimoja, mbele ya wote.

Usimwachie mwenye duka kadi yako ya mgao kuwa rehani. Kadi hiyo ni ya nyumba nzima, na asiyekuwa nayo siku ya mgao anamtegemea mdai wake.

AMBAYO HAYABANWI

Sabuni: kipimo cha mashirika ni gramu 250 za kuogea kwa mtu kwa mwezi. Kuhara kwa mtoto mmoja kunakula fedha kuliko kipande cha sabuni. Chandarua kisiuzwe wala kisifanywe wavu wa kuvulia ziwani. Uji wa mtoto mdogo na sahani ya mama mjamzito au anayenyonyesha visipunguzwe. Tunalisema hili kwa sababu katika nyumba nyingi anayebana wa kwanza ni mama, na anabana kwa kutokula, bila kumwambia mtu.

YA KUFANYA KIKUNDINI

Kila mmoja alete daftari au makopo yake baada ya majuma mawili. Mhesabu pamoja: kitu gani kilikula fedha nyingi kuliko ulivyodhani? Nani katika nyumba aliamua kitoke? Kisha kikundi kitengeneze kikapu kimoja cha joto na kupika maharagwe ndani yake mbele ya wote. Mwenye sufuria yenye kifuniko kizuri aje nayo, na maharagwe yalowekwe tangu jana yake.