Kwa Nini Rangi Mpya Hubanduka? Somo Kutoka Ukingo wa Dirisha la Gari

Tunduma, katika Mkoa wa Songwe, ni mji wa mpakani ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam huingia Zambia. Magari mengi yaliyotumika hupita hapa yakipelekwa Zambia na Kongo. Katika baadhi yake ukingo mweusi wa dirisha umepauka na kuwa wa kijivu. Fundi anaweza kuupaka rangi upya ukang'aa, kisha baada ya miezi michache rangi ikabanduka kama ganda la kitunguu. Hapo mwenye gari amepoteza fedha, na fundi amepoteza mteja. Kosa liko wapi?

Sababu ya kupauka

Rangi nyeusi huwa na chembe za kaboni, mfano wa masizi, zilizoshikwa na utando wa polima. Mionzi ya urujuanimno iliyomo katika mwanga wa jua, ikisaidiana na oksijeni na unyevu, huvunja minyororo ya polima hiyo. Chembe hukosa kishikizo, na uso hugeuka kuwa ungaunga. Tunduma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hivyo mionzi hiyo huchujwa kidogo kuliko pwani. Isitoshe, kitu cheusi hufyonza joto jingi, nalo joto huharakisha uharibifu.

Pitisha kidole juu ya ukingo uliopauka. Kikitoka na vumbi, basi rangi mpya itakayopakwa hapo itashika vumbi, wala si ukingo wenyewe.

Kutayarisha uso

Kwanza, tambua ukingo umetengenezwa kwa nini. Mpira haufai kupakwa rangi ya kawaida, kwa kuwa hunyumbuka na rangi hupasuka. Plastiki nyingi huhitaji rangi ya msingi ya aina yake.

Ukingo wa chuma uoshwe kwa sabuni, usuguliwe kwa msasa laini hadi unga na kutu viishe, ufutwe, kisha upakwe rangi ya msingi. Msasa huacha mikwaruzo midogo inayoongeza eneo la mshikamano. Kioo na bodi vifunikwe kwa karatasi na utepe. Rangi nyeusi ipakwe tabaka jembamba mara mbili au tatu, kila moja likikauka kwanza. Usipake alfajiri penye umande, wala mchana chuma kikiwa cha moto.

Jaribio

Chukua vipande vitatu vya bati la debe. Cha kwanza kipake mafuta ya kupikia, kisha kifute kwa kitambaa kikavu. Cha pili kioshe kwa sabuni. Cha tatu kioshe na kukisugua kwa msasa. Dondoshea kila kimoja maji: penye mafuta maji hujikusanya matone, penye usafi hutandaa. Vikaushe, vipake rangi ileile, uviache wiki moja. Chora miraba midogo kwa wembe, bandika utepe wa gundi, kisha uuvute. Hesabu miraba iliyong'oka.

Tahadhari: Mvuke wa rangi na tina hudhuru mapafu na ubongo, tena hushika moto upesi. Fanyeni kazi mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara, mwalimu akiwapo.

Maswali

1. Kwa nini maji hujikusanya matone juu ya mafuta?
2. Tabaka moja nene lina hasara gani?
3. Eleza kwa nini rangi ghali haiwezi kuokoa uso mchafu.