Boriti, Daka na Elimu ya Msanifu Majengo

Makala haya yanadai kwamba msamiati wa ujenzi ni sehemu ya taaluma yenyewe. Katika nyumba za mawe za Lamu, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, mita 3 hivi. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Fundi aliyapata maarifa hayo kwa uanagenzi, pamoja na majina yake: daka, msana, ndani, zidaka. Msanifu majengo wa Kenya, kwa upande wake, husoma chuo kikuu kwa Kiingereza, hufanya kazi chini ya msimamizi, kisha huikabili mitihani ya usajili. Je, akikabidhiwa ukarabati Lamu, atamwelewa fundi? Akiandika “mlango” palipo na daka, baraza za kumkaribishia mgeni zitatoweka mchoroni, hatimaye katika jengo lenyewe.