Nini huzima msukumo wa neva?

Swali: Je, ni pampu ya sodiamu na potasiamu inayotuliza seli ya neva baada ya kila msukumo?

Jibu: La, kazi hiyo ni hasa ya milango ya potasiamu, yaani matundu ya utando wa seli yanayopitisha potasiamu. Mwaka 1952 wanasayansi Hodgkin na Huxley walionyesha, kwa uzi mnene wa neva ya ngisi, kwamba sodiamu huingia kwanza. Milango ya potasiamu hufunguka kwa kuchelewa, potasiamu ikatoka na kurudisha chaji hasi ndani. Kuchelewa huko ndiko uzuri wenyewe: ingewahi, msukumo ungezimika kabla haujawaka. Utasema pampu ndiyo iliyorundika potasiamu ndani. Kweli, lakini hata ikizimwa kwa sumu, neva ya ngisi huendelea kupitisha misukumo mingi. Lakini ukiziba milango ya potasiamu kwa kemikali ya tetraethilamoni, hata msukumo mmoja tu hurefuka mno.