Taa ya Nje na Usingizi wa Jirani
Kijitabu cha kaya

Ni saa tano usiku Tabata, au Kinyerezi, au Mbagala. Taa ya chumbani imezimwa na mtoto yuko ndani ya chandarua, lakini chandarua chenyewe kinang'aa kama shuka lililoanikwa juani. Mwanga unatoka kwenye taa ya LED iliyofungwa ukutani nyumba ya pili. Umepita kwenye nondo za dirisha, umechora mistari ukutani, umemwangukia mtoto usoni. Anageuka. Anajifunika kanga, joto linamshinda, anaitupa. Mama yake anamsikia kila anapogeuka, kwa kuwa naye hajalala.

Hali hii imeenea tangu taa za LED na za sola ziliposhuka bei. Zamani barazani palikuwa na balbu moja ya njano, na ikifika saa nne mtu anaizima. Siku hizi taa ya wati 50 iliyonunuliwa Kariakoo inaweza kumulika uwanja wa mwenyewe, uchochoro na vyumba vya nyumba mbili za mbele. Aliyeifunga hakukusudia ubaya. Pengine aliibiwa, au alisikia jirani kaibiwa, akataka wanawe walale salama. Kijitabu hiki ni chake pia, maana huenda taa inayosumbua ni ya kwako.

Mwanga unafanya nini mwilini

Ndani ya jicho, upande wa nyuma, kuna seli ambazo kazi yake kubwa ni kuujulisha ubongo kama ni mchana au ni usiku. Giza likiingia, tezi ndogo iliyo ndani kabisa ya ubongo humwaga homoni iitwayo melatonini, ambayo huuandaa mwili kulala. Mwanga ukizidi, tezi hupunguza kazi, na mwili hukaa kama unaosubiri jua lizame. Kufumba macho hakuzuii mwanga wote, kwa sababu kope ni ngozi nyembamba.

Si kila mwanga una nguvu ile ile. Seli hizo hushtuliwa zaidi na mwanga mweupe wenye ubuluu, ambao ndio wa taa nyingi za nje. Soma boksi kabla ya kununua: 6500K ni mweupe wa namna hiyo, 3000K au chini yake ni wa manjano na una nafuu kwa anayelala.

Sisi tulio karibu na ikweta usiku wetu haupungui sana saa 12, masika na kiangazi. Taa inayowashwa magharibi na kuzimwa alfajiri inauchukua usiku wote. Mtu mzima anahitaji kulala angalau saa 7, na mtoto wa miaka 3 au 4 saa 10 hadi 13, pamoja na usingizi wa mchana. Kukosa usingizi usiku baada ya usiku kunahusishwa na shinikizo la damu na kisukari. Mwenye kifafa anaweza kuanguka kwa sababu ya kukosa usingizi tu. Wazee, ambao usingizi wao ni mwepesi, huamka mara nyingi zaidi. Dereva wa bodaboda ambaye hakulala vizuri hubeba uchovu ule barabarani, na abiria wake yuko nyuma yake.

Kwa nini pazia zito halitoshi

Ushauri wa haraka ambao watu hupeana ni kununua pazia zito. Ulaya labda. Dar es Salaam mwezi Februari, pazia zito likifungwa, upepo haupiti, na joto nalo linafukuza usingizi. Ukiwa na feni na umeme haukatiki, jaribu. Chandarua cha rangi ya buluu iliyokolea nacho hakimetameti kama cheupe, na kitanda kinaweza kuhamishiwa ukuta ambao taa haiufikii. Hizo ni nafuu za kusubiria. Dawa iko kwenye taa.

Kabla ya kwenda kuongea

Zima taa zako zote, simama chumbani dakika kumi, kisha nyoosha mkono mbele ya ukuta. Ukiona kivuli cha vidole vyako, na mwezi haupo, mwanga umezidi. Mbalamwezi nayo hutupa kivuli, lakini mwezi unahama na taa haihami. Lala kitandani utazame dirishani. Je, unaiona taa yenyewe, au unaona tu pale inapomulika? Ukiiona yenyewe, imeelekezwa vibaya, na kosa hilo ndilo rahisi kurekebisha kuliko yote.

Nenda jioni, watu wakiwa wametulia. Usiende saa nane ya usiku ukiwa na hasira, wala usitume ujumbe kwenye kundi la mtaa ambapo atasomwa na watu wote.

«Shikamoo, mzee wangu.»

«Marahaba, mwanangu. Karibu.»

«Ahsante. Mzee, taa yako inatusaidia sana, mabinti wanapita uchochoroni bila hofu. Ila inaingia mpaka kitandani kwa mtoto. Naomba siku moja uje usiku, usimame chumbani kwetu uone.»

Ombi hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Mwenye taa huiona akiwa chini yake au nyuma yake, hajawahi kuiona akiwa amelala upande wa pili. Maelezo ya dakika ishirini hayafikii kile atakachokiona kwa dakika moja akiwa amesimama kando ya chandarua kile.

Kurekebisha taa

Zima umeme kwenye swichi kubwa kwanza, au mwite fundi. Taa nyingi zimeshikwa na bano lenye skrubu mbili pembeni. Zilegeze, inamisha taa mpaka uso wake utazame chini, kisha kaza. Usalama haupungui. Taa inayomtazama mtu usoni humpofusha mlinzi na mwenye nyumba, na nyuma yake panabaki giza zito ambamo mwizi hujificha. Jicho likishapigwa na mwanga mkali huweza kuchukua nusu saa kulizoea giza tena. Taa inayotazama chini huonyesha mlango, geti na miguu ya anayekuja.

Kama kuinamisha hakutoshi, funga kofia ya bati iliyopakwa rangi nyeusi upande wa jirani. Usitumie nguo wala plastiki, na usizibe mgongo wa taa, kwani hapo ndipo joto linapotokea.

Taa yenye sensa, inayowaka mtu anapopita na kuzima yenyewe, ni nzuri zaidi. Taa ya wati 50 ikiwaka saa 12 kila usiku hula uniti 18 kwa mwezi. Ikiwaka jumla ya saa moja kwa usiku hula uniti moja na nusu. Ila sensa ielekezwe ndani ya uwanja wako. Ikiwashwa na kila paka na kila mpita njia, taa itawaka na kuzima usiku kucha, na hiyo inaamsha watu vibaya kuliko taa inayowaka mfululizo.

Mkishindwana

Mpangaji aanze na mwenye nyumba wake. Baada ya hapo kuna mjumbe, kisha mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye anaweza kuwaita wote wawili na kuja kuona usiku. Afisa afya wa kata naye anaweza kuombwa aeleze madhara. Usiipige taa mawe wala usikate waya: umeme utakudhuru, na kesi itageuka kuwa yako.

Taa ikisharekebishwa, pima tena kivuli cha vidole usiku huo huo, ukamwambie jirani mtoto alilalaje. Rudia kila baada ya msimu wa upepo wa kusi, kwa kuwa skrubu za bano hulegea na taa huanza kuinua uso tena taratibu.