KUKATIKA PUMZI USINGIZINI: NIKUBALI MASHINI AU NISIKUBALI?



Somo la leo ni juu ya usingizi. Wengine watacheka na kuuliza: "Kumbe kulala nako kunafundishwa?" Ndiyo, kunafundishwa. Katika ukurasa huu tunasema mara nyingi juu ya kofia, viatu vya kazi na mavumbi ya mawe. Lakini mtu anaweza kuvaa kofia yake vizuri na bado akaleta hatari kazini, kwa sababu usiku hakulala. Si kwamba alikwenda kunywa. Alikuwa kitandani tangu saa mbili ya usiku. Mwili ulilala, lakini pumzi haikumpa raha.

Mfano wa dereva

Tuweke mfano wa dereva mmoja wa kamyo. Hatumpi jina; kila mmoja atamtambua kwake. Anakaa Nyantende, karibu na Bukavu. Ana miaka 46, bibi na watoto sita. Anakoroma sana, na watoto wanasema: "Papa amewasha motere."

Bibi yake hacheki. Yeye anasikia kukoroma kunakatika ghafla. Kimya. Gizani anahesabu: moja, mbili, tatu, mpaka ishirini. Kisha mume anashtuka kama mtu aliyetolewa majini, anavuta hewa kwa nguvu, anageuka upande, na mambo yanaanza tena.

Siku moja, saa nane ya mchana, dereva huyo alifumba macho kidogo tu. Gurudumu likapanda ukingo wa barabara, mawe yakaporomoka bondeni. Hakuna aliyeumia. Kazini hakusema neno, lakini usiku alimweleza bibi yake. Bibi akamwambia: "Baba, kesho tunakwenda kwa munganga, na mimi nitakuja, kwa sababu wewe mwenyewe hujui unavyolala."

Alipimwa usiku mzima. Majibu yalisema: pumzi yake inakatika au kupungua mara 38 kila saa. Munganga akamshauri alale na mashini. Dereva akarudi nyumbani na mashaka matatu: feza, umeme na haya. Tuyatazame moja moja. Lakini kwanza tujue ugonjwa wenyewe.

Ugonjwa huu ni nini?

Anayechimba chini ya ardhi anajua: galeri isiyo na miti ya kuitegemeza, paa lake hushuka. Koo nalo ni hivyo. Mchana nyama za koo zimekazwa, njia iko wazi. Usiku zinalegea. Kwa watu wengine zinalegea mno, njia inazibika, hewa haipiti. Oksijeni ndani ya damu inapungua, ubongo unapiga kengele, mtu anashtuka, njia inafunguka. Asubuhi hakumbuki kitu.

Waganga huita hali hiyo apnea ya usingizi. Wanahesabu pumzi iliyokatika kwa sekunde 10 au zaidi, pamoja na ile iliyopungua sana. Kwa mtu mzima, chini ya mara 5 kwa saa si ugonjwa. Kuanzia 5 mpaka 14 ni ugonjwa mdogo. Kuanzia 15 mpaka 29 ni wa katikati. Mara 30 na kuendelea ni mkali. Dereva wetu ana 38. Akilala saa 7, amekatizwa mara 266. Nani angepumzika hivyo?

Alama za kuangalia

– Kukoroma kwa nguvu, na mwenzako anasikia pumzi inasimama.
– Kuamka kwa kukabwa, kinywa kikiwa kikavu au kichwa kikiuma.
– Kuamka mara nyingi usiku kwenda kukojoa.
– Kusinzia mchana: kwenye basi, misani, mkutanoni, au mbaya zaidi, kwenye usukani.
– Kusahau upesi, na hasira isiyo na sababu.
– Damu yenye mwendo wa juu isiyotii dawa.

Wanene na wenye shingo nene hupata zaidi, lakini mwembamba naye anaweza kupata, hasa mwenye taya dogo au mafindofindo makubwa. Wanaume wanazidi wanawake, ila mama akishamaliza siku zake za mwezi, hatari yake inapanda.

Angalia: kukoroma peke yake si ugonjwa huu. Na kuchoka kuna sababu nyingi: zamu za usiku, damu kidogo, malaria, ugonjwa wa sukari. Kwa hiyo usijipime kwa maneno ya jirani. Anza kwenye dispansari ya kazi au hospitali iliyo karibu, na uulize ni wapi mjini Bukavu au kwingine wanapima pumzi ya usiku. Usinunue mashini kabla ya kupimwa.

Mashini inafanya kazi gani?

Kwa Kifaransa waganga wanaiita PPC, kwa Kiingereza CPAP. Ni sanduku dogo lenye kipepeo ndani. Linavuta hewa ya chumbani, linaichuja, na kuisukuma kwa mpira mpaka kwenye kifuniko kilichofungwa puani. Nguvu yake ni ndogo, kama ya maji yenye kina cha sentimita 4 mpaka 20. Hewa hiyo ndiyo miti ya kutegemeza galeri: inashika koo lisishuke.

Wengi wanadhani ni chupa ya oksijeni, na kwamba mtu akiwekewa ni kwa sababu anakaribia kufa. Sivyo. Ni hewa ile ile unayovuta. Aliyeibuni ni munganga Colin Sullivan, huko Sydney, Australia, mwaka 1980. Alichukua motere ya kusafishia mavumbi akaigeuza ipulize. Kabla ya hapo, dawa ya kweli kwa wagonjwa wakali ilikuwa kutobolewa koo.

Lakini tuelewane: mashini haiponyeshi. Ukiondoa miti, paa linashuka tena. Usiku usioivaa, ugonjwa unarudi.

Faida za kweli, na zisizo za kweli

Faida ya kwanza ni kuwa macho mchana. Wengine wanaiona baada ya siku chache, wengine baada ya majuma. Ya pili ni nyumba kulala kimya. Ya tatu ni ajali kupungua. Uchunguzi uliofanyiwa madereva umeonyesha hivyo. Mwendo wa damu nao unashuka, lakini kidogo tu. Kwa hiyo usitupe dawa zako za damu.

Na moyo? Hapa tuseme ukweli. Mwaka 2016 ulitangazwa uchunguzi mkubwa wa watu 2,717 waliokuwa na ugonjwa huu pamoja na ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya ubongo. Mashini haikupunguza mishtuko ya moyo wala kupooza. Ilipunguza kukoroma na usingizi wa mchana, na watu waliona maisha yao kuwa bora. Lakini waliivaa kwa wastani wa saa 3 na dakika 20 hivi tu kwa usiku. Mafundisho ni mawili: usiikubali kwa ahadi kwamba hutaugua moyo, na ukiikubali, ivae usiku kucha.

Shaka la kwanza: feza

Mashini ni ghali, na kifuniko, mpira na chujio hubadilishwa. Kabla ya kuamua, uliza dispansari ya kazi: ni nini kinacholipwa na kazi, ni nini juu yako? Uliza kama unaweza kuazimwa mashini kwa majaribio. Vifuniko ni vya namna nyingi. Kinachovuja au kuumiza kinabadilishwa.

Jihadhari na mashini kuukuu, hata ikiletwa na ndugu kutoka Ulaya kwa moyo mwema. Mwezi wa sita mwaka 2021, Philips waliita zirudishwe mashini zao nyingi, kwa sababu sponji ya ndani iliweza kuoza na vipande vyake kuvutwa na mgonjwa. Mashini ya namna hiyo isikufikie. Tena nguvu ya hewa ya mwingine si yako. Peleka kila mashini kwa munganga aisome na kuipanga.

Shaka la pili: umeme

Bukavu ina mitambo ya Ruzizi karibu yake, lakini kila mama wa nyumba anajua umeme unavyokatika. Tupige hesabu. Mashini ndogo isiyopasha maji moto inaweza kula wati 40. Kwa saa 8 ni wati-saa 320. Batri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Tukitumia nusu tu ili isife upesi, ni 600. Inatosha usiku mmoja, na kidogo inabaki. Mchana inajazwa kwa umeme au kwa paneli ya jua. Lakini si kila mashini inakubali batri. Uliza kabla ya kulipa, na fundi aangalie volti.

Umeme ukikatika usiku, usiogope. Mashini inazimika, unaamka, unaondoa kifuniko. Vifuniko vina matundu ya kutolea hewa, usiyazibe kamwe.

Jambo moja ni la kifo: usiwashe jenereta ndani ya nyumba wala chini ya dirisha ili mashini ifanye kazi. Na mbabula ya makala isilale chumbani. Moshi wao una sumu isiyo na harufu, na mashini itaisukuma moja kwa moja ndani ya kifua chako.

Shaka la tatu: haya

"Nitalala na mpira puani kama tembo? Bibi atasema nini? Wenzangu wa kambi watasema nini?" Baba, bibi yako anahesabu pumzi zako kila usiku. Mwulize yeye kama anachagua kukuona na mpira, au kukusikia ukinyamaza.

Haya nyingine ni woga wa kupoteza kazi. Woga huo tunauelewa. Kuna posho na ada za shule. Lakini dereva anayesinzia hachukui roho yake peke yake. Kwenye barabara ya Kamituga au kwenye makona ya Ngomo, hakuna nafasi ya kufumba macho. Mwambie munganga wa kazi, umwombe kazi isiyo na usukani wala mashini nzito mpaka umeamka vizuri. Nawe kapita, mtu akikuambia hivyo, usimcheke. Amekuokoa na ajali.

Basi, uamuzi ni upi?

Kama ugonjwa ni mkali, au ni wa katikati na unasinzia mchana, ushauri wetu ni kukubali kujaribu. Kama unaendesha kamyo, winchi au mashini ya kuchimba, usikawie.

Kama ni mdogo na husinzii, unaweza kwanza kujaribu mambo mengine, ukarudi kupimwa:

– Punguza unene. Uchunguzi mmoja wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba aliyepunguza uzito kwa sehemu 10 katika 100, pumzi zake zilizokatika zilipungua kwa robo hivi. Bugali kidogo, sombe na sambaza, mafuta kwa kipimo.
– Lala ubavuni, si chali.
– Acha kasiksi, bia na pombe kali jioni, zinalegeza koo. Acha tumbako.
– Usinywe dawa za usingizi bila munganga kujua.
– Uliza kama kifaa cha meno kinachovuta taya mbele kinaweza kupatikana.

Hata anayevaa mashini afuate mambo haya.

Ukikubali, jipe siku 30. Anza kuvaa kifuniko saa moja jioni ukiwa umekaa macho, ukisikiliza redio. Pua ikikauka au kuziba, sema, kuna msaada. Osha kifuniko kila siku kwa maji safi na sabuni laini, ukianike kivulini, mbali na mavumbi. Baada ya siku 30 rudi kwa munganga pamoja na bibi yako. Mashini huandika saa ulizoivaa na pumzi zilizokatika, yasomwe. Kukubali kujaribu si ndoa. Unaweza kuirudisha. Lakini usiirudishe baada ya usiku mbili mbaya.

Na dereva wetu? Katika mfano wetu, aliketi na bibi yake wakaandika kwenye kikaratasi. Upande mmoja: feza, batri, haya. Upande mwingine: watoto sita, na mawe yaliyoporomoka bondeni. Akaomba ajaribu, na akaomba kazi ya ghala kwa mwezi mmoja. Usiku wa kwanza aliivaa saa mbili tu, akaitoa kwa hasira. Usiku wa tisa aliivaa mpaka asubuhi. Bibi yake ndiye aliyeamka katikati ya usiku, kwa sababu ya kimya. Akamgusa kifua. Kilikuwa kinapanda na kushuka.

Maswali ya kuulizana nyumbani

1. Nani nyumbani kwetu anakoroma na kukatika pumzi?
2. Je, anasinzia mchana? Kazi yake ni ya usukani?
3. Ni alama zipi sita tulizosoma?
4. Kwa nini mashini inavaliwa kila usiku?
5. Kwa nini jenereta na mbabula zisikae karibu na anayelala?

Ukurasa huu usitupe. Msomee jirani asiyejua kusoma, na mpe yule ambaye watoto wake wanasema amewasha motere.