Utambi wa Bunduki na Utambi wa Mgodini

Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha, nikiwa Kidato cha Tatu, nilitaja bunduki za zamani zilizofyatuliwa kwa utambi. Binti mmoja wa dawati la nyuma akauliza, "Mwalimu, ndiyo ule uliomnyofoa baba vidole?" Baba yake ni mchimbaji mdogo wa dhahabu. Darasa zima kimya. Nikasema tutaendelea kesho, maana jibu sikuwa nalo, jamani.

Usiku nikasoma. Kumbe jina moja, vitu viwili.

Utambi wa bunduki ulikuwa kamba iliyolowekwa kwenye maji ya shura, kisha ikakaushwa. Hautoi mwali, unafukuta tu, kama futi moja kwa saa. Kazi yake ni kutunza moto. Askari anakaa na kaa lake tayari, akivuta kifyatulio kamba inashuka kwenye baruti. Mvua ikinyesha, kazi imekwisha. Na usiku kale kaa kekundu kanamwonyesha adui ulipo.

Wa mgodini unatunza muda. Kule Cornwall, Uingereza, wachimbaji wa bati na shaba walikuwa wakijaza baruti kwenye mabua au manyoya ya bata bukini. Bua moja linawaka mbio, jingine linasinzia. Mtu anaona kimya, anarudi kuangalia, na hapo hapo mwamba unalipuka. William Bickford hakuwa mchimbaji, alikuwa muuza ngozi, ila ajali zile zilimkera. Siku moja akiangalia kamba zinavyosokotwa akapata wazo: baruti imiminwe katikati ya nyuzi za juti wakati zinasokotwa, halafu zipakwe lami kuzuia maji. Akapata hataza mwaka 1831. Futi moja iliungua kwa takriban sekunde 30. Sasa mtu angeweza kupima kamba akajua ana muda gani wa kukimbia. Mwenyewe alifariki 1834, hata hakuona ilivyoenea duniani.

Kesho yake nikachora zote mbili ubaoni, nikauliza: futi 6, dakika ngapi? Wakajibu tatu.

"Ule wa baba ulikuwa umeingia unyevu," binti akasema. "Alihesabu mpaka zikapita. Akaona kimya, akarudi."

Mwalimu aliyekuja kunikagua aliandika kwenye fomu kwamba nilitoka nje ya mada.